Kununua Kamera ya Video kwa Fedha Kidogo: Tuliyojifunza Koboko



Ndugu wasomaji, tangu jumuiya yetu ionyeshe ile filamu fupi ya wazee wa Koboko, nimekuwa nikisimamishwa mlangoni mwa msikiti na kuulizwa, "Sheikh, kamera gani ya bei nafuu inafaa?" (Wanaoniita sheikh wananitania tu, bado sijamaliza hata shahada ya kwanza.) Mmoja anataka kurekodi nikaha ya dada yake, mwingine darsa za Ramadhani, na wawili wamekwisha kuandika mchezo mfupi na wanatafuta chombo cha kuupigia. Badala ya kumjibu kila mmoja peke yake, nimeomba kurasa hizi. Nitaanza na kosa langu, kwa sababu mengi ninayoyajua kuhusu kamera yametokana na kosa hilo.

Kamati yetu ya habari iliamua kuwarekodi wazee. Hapa West Nile historia ya Uislamu imo vifuani mwa watu zaidi kuliko vitabuni. Mkoa wenyewe uliingia Uganda mwaka 1914. Kabla ya hapo ulikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kisha Sudan. Askari wa Emin Pasha, ambao vizazi vyao ni miongoni mwa Wanubi wa leo, walikaa Wadelai kando ya Nile kabla ya Lugard kuwachukua mwaka 1891. Kisha ikaja vita ya 1979 na mashambulizi ya 1980, watu wakavuka mpaka kwenda Zaire na Sudan, na wazee wanasema karatasi nyingi ziliachwa majumbani. Wanaokumbuka yaliyokuwemo wanapungua kila mwaka.

Tulichanga baada ya swala za Ijumaa kwa muda wa muhula mzima, tukapata shilingi laki saba. Kwa fedha hizo tulinunua kamera ndogo iliyotumika, safi, ubavuni imeandikwa kwa herufi kubwa idadi ya mara inavyoweza kuvuta picha karibu. Mimi ndiye niliyeichagua. Nilisimama ghorofani nikavuta mpaka nikasoma kibao cha duka la ng'ambo ya barabara, nikasema, hii ndiyo. Hakuna aliyeniuliza kuhusu sauti, na mimi sikujiuliza.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, kiangazi kikiwa kikali, tulikwenda Koboko, takriban kilomita 55 kutoka Arua. Mwenyeji wetu alikuwa haboba mmoja (ndivyo Wanubi wanavyomwita bibi) aliyepita miaka 80. Alitukaribisha chini ya mwembe. Hatua kama 40 kutoka hapo palikuwa na mashine ya kusaga mahindi na mihogo. Masikio yetu yaliizoea baada ya dakika tano, kwa kuwa mtu akimsikiliza mtu mwenzake huweza kuisahau kelele iliyo pembeni. Kamera haina uwezo huo. Inachukua kila kilichopo, na kilicho na nguvu zaidi ndicho kinachoshinda.

Haboba alizungumza kwa zaidi ya saa mbili. Dada yetu mmoja wa kamati alimuuliza kwa Kinubi, naye akajibu kwa Kinubi, mara kwa Kikakwa, mara kwa Kiswahili cha mjini. Usiku ule, tuliporudi Arua na kufungua kompyuta, picha ilikuwa nzuri ajabu. Mikunjo ya mikono yake ilionekana, hata rangi ya tasbihi. Sauti ilikuwa ya mashine. Tuliijaribu kwa programu mbili za kusafishia, ikatoka sauti kama ya mtu anayesema ndani ya pipa.

Kuna dakika 11 tu zinazosikika. Ilipoadhiniwa adhuhuri, mwenye mashine aliizima akaenda kuswali, na haboba, aliyekuwa katikati ya habari, alituomba amalize kabla hajainuka. Katika dakika hizo anaeleza jinsi baba yake alivyozifunga lauhu za khalwa ndani ya mkeka mwaka 1980, wakavuka nazo hadi Aba, na jinsi watoto walivyoendelea kuandika juu yake kwa wino wa masizi wakiwa ukimbizini. Majina ya walimu aliyatoa mapema zaidi, asubuhi. Hayo yamo ndani ya kelele, nasi hatuwezi kuyatoa.

Tulipanga kurudi baada ya mitihani. Alifariki wiki mbili kabla haijaisha. Allah amrehemu.

Sikio kwanza

Tulio katika masomo ya Kiislamu tulifundishwa njia nane za kuipokea hadithi. Ya juu kwa wanachuoni wengi ni samaa, mwanafunzi kuyasikia maneno kutoka mdomoni mwa sheikh wake. Ya chini ni wijaada, mtu kukuta maandishi ya mwingine ambaye hakusoma kwake. Nilikuwa nimefanya mtihani wa somo hilo na kufaulu, na bado nikaenda kwa haboba nikiwa na chombo kizuri cha kuonea na kibovu cha kusikilizia.

Basi ukiingia dukani, geuza kamera ubavu na utafute matundu mawili ya milimita 3.5: moja la maikrofoni, jingine la hedifoni. La kwanza linakuwezesha kuiweka maikrofoni karibu na mdomo wa msemaji hata kama kamera iko mbali. La pili linakuwezesha kusikia inachokisikia kamera wakati bado kuna nafasi ya kumwambia mzee, "Samahani, tuhamie upande wa pili wa nyumba." Kama ningekuwa na hedifoni masikioni siku ile Koboko, tungehama katika dakika ya kwanza.

Kamera nyingi za bei ya chini hazina matundu hayo. Sony Handycam HDR-CX405, ambayo ni nyepesi na mwanafunzi anaweza kuimudu, haina tundu la maikrofoni wala la hedifoni. Canon VIXIA HF R800 inayo yote mawili. Panasonic HC-V770 inayo pia, nayo ni kubwa kidogo na hugharimu zaidi. Hizi si kamera mpya, na ndiyo sababu zilizotumika zinafikika. Sisemi ya kwanza ni mbaya. Kwa kurekodi mpira wa mahafali inatosha kabisa. Kwa mzee mwenye sauti ya chini, haitoshi.

Ununue pia maikrofoni ndogo ya kubana nguoni, yenye waya mrefu. Nje, mahali pasipo na kuta, ukiongeza umbali kati ya mdomo na maikrofoni mara mbili, nguvu ya sauti inayofika hubaki robo. Kutoka mita moja kwenda nne, inabaki sehemu moja ya 16, huku kelele za jirani zikibaki vilevile. Kwa hiyo maikrofoni rahisi iliyo kifuani huishinda ya gharama iliyo juu ya kamera mita nne kutoka hapo. Upepo wa kiangazi nao hupiga kama ngoma. Sisi tulikata kipande cha sponji ya godoro kuukuu tukakitoboa, tukaivika maikrofoni.

Kuna mtego mmoja hapa uliotupotezea siku nzima. Maikrofoni za simu na za kamera zinafanana, lakini plagi hazilingani. Itazame ncha ya chuma: ya simu huwa na mistari mitatu myeusi, ya kamera miwili. Ukichomeka ya simu kwenye kamera unaweza kupata ukimya, au mlio tu. Kipo kipande cha kuunganishia cha bei ndogo. Kiulizie palepale unaponunua.

Na mwenye kamera isiyo na tundu asiitupe. Rekodi sauti kwa simu iliyowekwa mapajani mwa msemaji au mfukoni mwake, huku kamera ikichukua picha. Mwanzoni piga kofi moja mbele ya lenzi. Kwenye kompyuta, lilinganishe lile kofi linaloonekana na lile linalosikika, na vyote viwili vitakwenda pamoja.

Mambo yanayoandikwa ubavuni mwa kamera

Kuvuta karibu kuko kwa namna mbili. Kwa lenzi, vioo vya ndani husogea na picha hubaki kamili. Kwa kidijitali, kamera hukata kipande cha katikati na kukinyoosha, jambo unaloweza kulifanya mwenyewe nyumbani kwenye kompyuta bure. Ukiona kamera imeandikwa inavuta mara mia kadhaa, uliza lenzi peke yake inavuta mara ngapi. Jihadhari zaidi na zile zisizo na jina linalojulikana, mpya ndani ya boksi, zinazodai kurekodi 4K kwa bei ya simu ya vitufe. Nyingi ndani yake mna kitu kama kamera ya kompyuta, na hiyo 4K ni picha ndogo iliyonyooshwa.

Hata kuvuta kwa lenzi kuna gharama yake, nayo ni mwanga. Lenzi ya ile CX405 imeandikwa f/1.8 hadi 4.0. Namba ya kwanza ni ikiwa haijavutwa, ya pili ikiwa imevutwa mpaka mwisho. Piga hesabu: mwanga unaoingia mwisho ni karibu moja ya tano ya ule wa mwanzo. Maulidi ya usiku chini ya taa mbili, ukikaa nyuma na kuvuta, utapata picha iliyojaa chembechembe kama vumbi la Januari. Sogea mbele, usivute.

Taa zenyewe zina jambo lao. Umeme wa Uganda ni wa hezi 50, na taa nyingi za mirija huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde bila jicho kuona. Kamera iliyotengenezwa kwa soko la Marekani au Japani hurekodi fremu 60 kwa sekunde au nusu yake, haiendi sawa na taa zetu, na picha hupepesa. Tafuta inayorekodi fremu 25 au 50. Ukishapata ile nyingine, iwe na uwezo wa kuweka shata kwa mkono, uiweke 1/100. Zilizotumika kutoka Japani zina tatizo jingine: baadhi hazina lugha nyingine isipokuwa Kijapani. Ndugu yetu mmoja alinunua ya namna hiyo na sasa amehifadhi menyu nzima kwa moyo kama juzuu.

Kwa nini tusitumie simu?

Swali hili ni la haki. Kama una simu nzuri na unataka kutengeneza mchezo wa dakika kumi na rafiki zako, usinunue kamera. Nunua maikrofoni na stendi ya miguu mitatu, fedha zilizobaki uwalishe waigizaji. Uganda hii hii, Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitoa *Who Killed Captain Alex?* mwaka 2010 kwa vifaa duni na kompyuta alizoziunganisha mwenyewe, na dunia ikaitazama. (Sizungumzii maudhui yake, risasi ni nyingi kuliko maneno.)

Lakini kazi ya jumuiya ni tofauti. Nikaha na maulidi huchukua saa nyingi, simu hupata joto na kujaa, na hupigiwa katikati ya khutba. Kamera kubwa za picha za kawaida nazo, hasa za zamani, nyingi hujizima kabla ya dakika 30. Kamera ya video imetengenezwa kusimama na kurekodi, betri ikiisha unabadilisha, na mtu aliyefundishwa robo saa anaweza kuiendesha. Hili la mwisho lilitufaa sana: akina haboba huzungumza kwa uhuru zaidi wanapokaa na dada zetu peke yao, na dada zetu hawakumhitaji mwanamume yeyote wa kuwashikia kamera.

Kisha kuna suala la mali ni ya nani. Simu ni ya mtu. Ina picha za mama yake, na akihitimu anaondoka nayo pamoja na sauti za wazee wetu. Kwetu hili limekwisha kutokea: rekodi za darsa za Ramadhani za miaka mitatu ziliondoka na simu ya ndugu mmoja, kisha simu ikaanguka ndani ya maji. Hakukusudia. Kamera ya sasa tumeiandika kuwa wakfu. Wanachuoni wengi wamejuzisha wakfu wa vitu vinavyohamishika, kama farasi na silaha, na sharti tuliloandika ni kwamba haikodishwi kwa faida ya mtu na haitoki bila saini ya watu wawili.

Betri, kadi, na kilichompata Captain Alex

Kwa betri nitasema kwa ufupi, maana kila mkazi wa Arua anajua. Kwa miaka mingi mji huu ulitegemea kituo kidogo cha maji cha Nyagak, megawati 3.5, na jenereta. Hesabu betri mbili kuwa sehemu ya bei ya kamera. Kabla ya kununua hakikisha betri za aina hiyo bado zinapatikana. Kamera nzuri yenye betri isiyouzwa tena ni pambo.

Kadi ni jambo kubwa zaidi. Kamera hizi zikirekodi kwa ubora wa megabiti 24 kwa sekunde, hiyo ni megabaiti 3 kwa sekunde, karibu gigabaiti 11 kwa saa. Kadi ya gigabaiti 32 basi inabeba pungufu ya saa tatu. Kadi bandia zimejaa: imeandikwa 64, ndani ni 8, na ikijaa huendelea kukubali huku ikifuta au kuharibu. Ijaze yote kwenye kompyuta kwanza na uyafungue mafaili kabla hujaipeleka kwa mzee. Zipo programu za bure za kupimia. H2testw ni mojawapo.

Na ukirudi, nakili mahali pawili siku hiyohiyo. Nabwana niliyemtaja hana tena mafaili ya asili ya filamu yake. Alikosa nafasi kwenye diski, akayafuta ili atengeneze filamu inayofuata, na kilichobaki ni kile kilichokuwa kwenye DVD. Yeye alikuwa na DVD. Sisi tukifuta sauti ya mzee hatuna kitu. Wale wanaotaka kamera za kanda za zamani kwa sababu ni rahisi nawaelewa, kwani kanda yenyewe ni nakala ya kuhifadhi. Lakini utahitaji kompyuta yenye tundu la FireWire, na vumbi letu halielewani na vile vigurudumu vya ndani.

Kununua kwa khiyari

Hapa ndipo masomo yetu yaliponifaa kuliko video zote nilizotazama. Kitu cha umeme kilichotumika kina mambo yasiyoonekana, na fiqhi ya biashara imeyazungumza hayo kabla ya kamera kuwepo.

Ya kwanza ni khiyari ya sharti: mnunuzi na muuzaji hukubaliana kwamba mnunuzi anaweza kuvunja mauzo ndani ya muda maalumu. Abu Hanifa na Shafii wameuwekea kikomo cha siku tatu. Malik ameangalia aina ya bidhaa. Hanbali wamekubali muda wowote uliotajwa wazi. Ya pili ni khiyari ya aibu, ambayo haihitaji sharti: ukikuta kasoro iliyokuwepo kabla ya kununua, iliyofichika na inayopunguza thamani, una haki ya kurudisha. Lakini ukiijua kasoro kisha ukaendelea kuitumia kamera kwenye harusi mbili, umeonyesha kuridhika, na haki yako imeondoka.

Tulipotafuta kamera ya pili tulimwagiza ndugu anayesoma Kampala awe wakili wetu. Alipata Canon yenye matundu mawili, akakubaliana na muuzaji siku tatu, akaandika kwenye risiti, akaipakia basi la usiku pale Arua Park. Kumbukeni kwamba kwa Shafii siku tatu huanza tangu mkataba na si tangu mzigo kufika, basi usiku mmoja ulikwisha liwa na safari. Tulipoipokea tulifanya haya: tulirekodi dakika 30 mfululizo bila kuzima, hedifoni masikioni, tulipiga picha ya ukuta mweupe kutafuta vidoa, tulivuta lenzi mpaka mwisho na kurudi mara kumi, tulitikisa plagi kila tundu. Mwisho tulifungua na kufunga kioo cha pembeni huku inarekodi. Kilipofika nusu ya njia, kikawa cheusi. Waya wa ndani ulikuwa unakatika.

Wakili alimpigia muuzaji simu siku hiyohiyo. Mwanzoni alikataa, akasema ilitoka kwake ikiwa nzima na huenda basi limeiharibu. Wakili akamsomea risiti: khiyari haimtaki mnunuzi athibitishe aibu, inamtaka tu awe ndani ya muda. Akanyamaza, akasema irudishwe. Alitupa nyingine ya aina hiyohiyo, kioo kizima, rangi imechubuka, na tuliongeza shilingi elfu 40. Hiyo ndiyo tuliyonayo.

Ile ya kwanza tuliiuza kwa kijana anayerekodi sherehe mjini Koboko. Nilimwambia wazi kwamba haina tundu la maikrofoni na kwamba ilitukosesha kitu kikubwa. Akacheka, akasema harusini kuna spika kubwa, haina neno. Alipunguza bei kidogo kwa sababu ya maneno yangu, na wenzangu wawili hawajanisamehe mpaka leo.

Kuhusu hukumu ya picha

Najua wapo watakaoniandikia. Wanachuoni wamehitilafiana kuhusu picha za kamera. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika risala ya kujuzisha, akisema kupiga picha ni kukizuia kivuli cha kitu ambacho Allah amekwisha kukiumba. Wengine wamezuia ila kwa dharura. Sina daraja ya kuamua kati yao. Tunachokifanya ni kuuliza kabla ya kutoa kamera kwenye mfuko, na anayekataa haulizwi mara ya pili.

Mzee wa pili tuliyemrekodi alikataa uso wake uonekane. Tulimbana maikrofoni kwenye kanzu, kamera tukaielekeza kwenye lauhu yake na mikono yake inayoandika. Saa moja na nusu, kila neno linasikika, hata kalamu inapogusa ubao. Ndiyo ile mliyoiona ukumbini, na wengi mmeniambia hamkugundua kwamba uso haupo.

Kwenye orodha yetu wamebaki watano. Mmoja anaishi barabara ya Oraba, upande wa kwenda mpaka wa Sudan Kusini, na mwanawe ametuambia anasahau majina siku hizi ila asubuhi mapema huwa vizuri. Tunaondoka Jumamosi ya kwanza baada ya mitihani, kabla ya alfajiri, tuswalie Koboko. Tunahitaji mtu mmoja anayejua Kikakwa vizuri, dada mmoja wa kuongoza mazungumzo na wake wa mzee, na yeyote mwenye kadi ya gigabaiti 64 iliyopimwa anayeweza kutuazima. Majina yaandikwe kwa katibu baada ya swala ya Ijumaa. Mashine ya kusaga iliyo karibu tumekwisha kuiulizia: Jumamosi hufunguliwa saa tatu.